Milango Iliyonyamazishwa

"Mwenzangu, mlango wako nao umeanza kiburi?"

Swali hilo aliniuliza Mama Vifungo, jirani yangu wa biashara, asubuhi moja ya mvua, nikiwa ndio kwanza naifunua cherehani yangu. Alisimama kizingitini akiwa amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, na mkononi ameshika ufunguo kama mtu aliyeshika kijiko cha dawa chungu.

Nikacheka, nikamjibu, "Wangu una adabu zake, dada. Ukiambiwa funga, unafunga."

Niseme ukweli mbele ya Mungu: mlango wangu ulikuwa na adabu kwa sababu mjomba wangu aliupiga tupa juzi yake. Kabla ya hapo ulikuwa ukinisumbua wiki nzima. Hilo sikumwambia Mama Vifungo, maana sikuona kama lina uzito. Mlango ukigoma anaitwa fundi, fundi anakwangua, unafunga, maisha yanaendelea. Nani angekesha akiuwaza mlango?

Habari ninayoiandika ni ya mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba, na sijazoea kuandika kitu kirefu kuliko vipimo vya mteja. Lakini ameniomba mwenyewe, na mkono wake wa kulia hauandiki tena. Kwa nini hauandiki, nitafika.

Mtaani wanamwita Mzee Komeo. Ni fundi wa kufuli na vitasa, na kazi hiyo ameifanya miaka hamsini na mbili katika chumba kimoja, chumba namba moja cha lile jengo refu la madukani. Wageni wa mtaa niwaeleze lilivyokuwa. Chini kulikuwa na vyumba kumi na viwili vya maduka vilivyopangana kama meno, milango yote ikitazama barabara na kufungukia nje. Juu kulikuwa na ghorofa moja yenye roshani ya chuma iliyosukwa maua, imetoka mbele urefu wote wa jengo. Chumba namba moja kilikuwa upande wa juu wa barabara. Namba kumi na mbili kilikuwa kule chini kwenye kona, karibu na mfereji, na ndicho kilichokuwa na Mama Vifungo, muuza vifungo, zipu na nyuzi. Mimi nilikuwa namba saba, katikati, nikishona sare za shule.

Mjomba alipoanza kazi, mtaa ule ulikuwa ndio mji wenyewe. Husemi unakwenda mjini bila kuvaa viatu. Kulikuwa na duka la taa, duka la vitambaa, muuza kofia, mpiga chapa wa kadi za harusi. Watu walikuwa wakisimama nje ya vioo wakitazama tu, na kutazama kwenyewe kulikuwa ni matembezi. Halafu stendi ya mabasi ikahamishwa. Baada ya stendi likaenda soko, baada ya soko zikaenda ofisi, na maduka yakaanza kufungwa moja moja, bila kelele. Mwenye taa alifunga siku ya Jumatatu akisema anakwenda kumwona mgonjwa. Hakurudi.

Kila aliyefunga alimwachia Mjomba funguo. "Nishikie, Mzee, nikirudi utanipa." Akazitundika ukutani, kila ufunguo msumari wake, bila karatasi wala namba. Aliujua kila mmoja kwa meno yake. Na mara moja kila mwezi, kwa miaka yote ile ya ukimya, alichukua kikopo cha mafuta akapita mlango hadi mlango, akaingiza ufunguo, akazungusha mara mbili, akatoa. Nilimuuliza wakati mmoja, "Mjomba, hao wenyewe wamekufa wengine. Unamlainishia nani?"

Akasema, "Kitasa hakijui kama mwenyewe amekufa, mwanangu. Kinangoja tu."

Nilimcheka, lakini nilipokuwa peke yangu sikucheka. Kuna kitu katika kupita kwenye maduka matupu mchana kweupe ukiamsha vitasa ambacho kilinitia baridi mgongoni.

Kisha ukaja mradi. Walisimamisha bango kubwa kwenye kona: MRADI WA KUFUFUA MTAA WA KALE WA BIASHARA. Chini yake walichora mtaa wetu ukiwa na taa za shaba, miti kwenye vyungu, na watu wembamba wanaokunywa kahawa. Mjomba alilisoma bango lile pole pole, midomo ikicheza, halafu akavua miwani.

"Kufufua," akasema. "Sasa maiti ni nani hapa?"

Mama Vifungo akadakia, "Ni wewe, shemeji! Umevaa koti moja tangu nikiwa mwali."

Alimwita shemeji kwa sababu mumewe marehemu na Mjomba walikuwa kama pete na kidole, na utani wao ulikuwa haukauki. Tulicheka wote. Lakini mimi neno lile lilinikaa. Kufufua ni kazi ya Mungu peke yake, na tangu utoto nimefundishwa kwamba hata yeye Mungu kwanza huita kwa jina. Hawa walikuwa hawajatuuliza majina.

Aliyesimamia kazi alikuwa mhandisi mwanamke, binti wa miaka thelathini na ushei, mpole, mwenye kusalimia. Tulimwita Kofia Nyeupe kwa sababu alikuja kila siku na kofia ngumu nyeupe, ila hakuivaa. Aliibeba kwapani kama mkate. Mjomba alimwita "binti yangu" na yeye alimwita "babu". Sitaki mtu amfikirie vibaya. Alitufanyia mengi. Jengo lilipakwa rangi ya krimu, roshani ikakwanguliwa kutu ikapakwa nyeusi, nyufa zote zikazibwa kwa lipu laini kama uso wa bibi harusi. Na wateja walirudi, hilo lazima nilikiri. Vyumba vilivyolala miaka vikapata wapangaji. Mjomba alizishusha funguo msumari baada ya msumari, akawapa watoto na wajukuu wa wenyewe, na nyingine alichonga upya. Nilipata kazi ya sare za shule tatu kwa mpigo. Nilishukuru kwa magoti yangu.

Nyuma ya jengo walichimba. Walisema ni mfereji mpya mkubwa wa maji ya mvua, maana wa zamani ulikuwa ukifurika. Walichimba kuanzia kona ya Mama Vifungo wakipanda juu, kina cha mtu na nusu, na mashine ikanyonya maji ya ardhini mchana kutwa. Kelele yake ilikuwa kama mzee anayekunywa uji. Tuliizoea, hata ilipozimwa tulikuwa tunaisikia.

Sasa niieleze kazi ya Mjomba, maana jambo lote limo humo.

Kitasa kina ulimi. Ukizungusha ufunguo, ulimi hutoka ukaingia kwenye tundu lililo katika kibati, na kibati kimepigiliwa kwenye mwimo, yaani ule mti au chuma cha pembeni mwa mlango. Ulimi na tundu visipotazamana, mlango unagoma. Hapo fundi huchukua tupa akakwangua tundu kidogo upande wa juu, au wa chini, mpaka ulimi upite. Tundu likiwa limeliwa sana, hung'oa kibati kizima akaweka kipya, juu kidogo. Mjomba alikuwa na desturi yake ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kabla ya kukwangua, alipiga mstari wa penseli kwenye mwimo pale ulimi ulipogonga, na pembeni akaandika tarehe. Na vibati vya zamani hakutupa. Aliviweka kwenye kopo la maziwa, kila kimoja amekichora namba ya chumba kwa msumari.

Mlango wa kwanza kugoma ulikuwa wa Mama Vifungo. Akaja Mjomba, akapiga mstari, akakwangua. Ukafunga kama siagi.

"Mvua hizi," akasema. "Mbao imevimba."

Wiki ya pili ukagoma wa namba kumi na moja. Wa tatu ukawa wa kumi, halafu wa tisa. Mama Vifungo akagomewa tena, Mjomba akakwangua tena, mpaka akambadilishia kibati. Namba nane. Kisha wangu. Walipangana, wakija kwa zamu kama wagonjwa wa zahanati, kutoka kona kupanda juu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba wamepanga foleni. Mjomba alikuwa mwenye furaha siku hizo. Tangu ujana hakuwahi kuwa na kazi nyingi vile. Alitembea na tupa yake mfukoni akiimba tenzi, na watu wakimsifu: "Mzee Komeo hajazeeka mkono!" Mlango wake mwenyewe, namba moja kule juu, haukugoma hata siku moja.

Ndipo ilipofika ile asubuhi ya swali la Mama Vifungo. Nilipomjibu kwa mzaha alinuna.

"Cheka tu. Mara ya nne hii. Jana nimefunga kwa bega kama polisi."

Tukamwita Mjomba. Alipokuwa akipita kwenda kwake, fundi saa wa namba kumi akamsimamisha. "Mzee, na huku pitia. Wangu umerudia."

Mjomba akasimama. Nilikuwa nyuma yake na mwavuli, karibu nimgonge. Fundi saa alikuwa na mlango wa chuma, mlango na mwimo wote chuma, kwa ajili ya saa za watu. Mjomba akaushika, akaufunga, akaufungua. Ulimi ukagonga kibati: *ka*. Akaurudisha. *Ka*. Akapangusa mwimo kwa kiganja, na mistari yake ya penseli ikaonekana, mitatu, mmoja juu ya mwingine kama ngazi ya sisimizi.

"Huu ni chuma," akasema.

"Ndiyo, Mzee, ni chuma," akajibu fundi saa. "Kwani vipi?"

"Chuma hakivimbi."

Alikwenda kwa Mama Vifungo, akahesabu mistari kwenye mwimo wake, akapima kwa vidole. Akarudi namba kumi na moja. Akaja kwangu. Kila mahali alikuwa akipangusa mwimo, akitazama, akitikisa kichwa kidogo. Mwishowe aliingia chumbani kwangu akakaa juu ya marobota ya vitambaa bila kuuliza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mvua ilikuwa inamchuruzika puani na hakuifuta.

"Mjomba, unaumwa?"

"Ulimi haujapanda, mwanangu. Ulimi hauna pa kupandia. Tundu ndilo linashuka." Akanitazama. "Jengo linakwenda. Linalala upande wa kona. Na lilisema. Lilisema kwa kila mlango, wiki baada ya wiki, na mimi kila mlango uliosema niliuziba mdomo kwa tupa hii, na nikashukuriwa."

Nilitaka kumwambia asijilaumu. Nilikuwa natazama ukuta wangu mpya wa krimu, laini, usio na hata ufa mmoja, na kwa mara ya kwanza uliniogopesha.

Alikwenda kwa Kofia Nyeupe siku ile ile. Nilimsindikiza. Yule binti alisikiliza kwa heshima, akampa kiti. Kisha akasema kwamba jengo la miaka themanini lina tabia zake, kwamba majengo ya zamani hupumua, kwamba vipimo vilichukuliwa kabla ya kuchimba na kila kitu kilikuwa sawa.

"Kabla ya kuchimba," Mjomba akarudia.

"Babu, baada ya ufunguzi tutapima tena, nakuahidi. Zimebaki siku tisa. Mgeni rasmi atapanda roshani na watu sitini. Ninachokuomba wewe, milango yote ifunge vizuri siku hiyo, kwa sababu atatembezwa. Na tulikuwa tunataka kukuomba utuchongee ufunguo mkubwa wa shaba, wa sherehe."

"Wa kufungua nini?"

Akatabasamu. "Haufungui kitu. Ni wa picha."

Tulirudi. Njiani Mjomba alisema neno moja tu, akijisemea. "Sitini. Juu ya roshani."

Usiku sikupata usingizi mzuri, nikaomba, nikaweka majina ya wapangaji wote kumi na wawili mbele za Mungu. Asubuhi nilipofika nilimkuta Mjomba ameshafika zamani. Alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa kona, kopo la maziwa pembeni, bisibisi mkononi. Aling'oa kibati kipya cha Mama Vifungo, akachagua ndani ya kopo kile cha zamani chenye namba kumi na mbili, akakirudisha kwenye matundu yake ya kwanza kabisa ya skrubu. Akahamia kumi na moja. Kufika saa nne alikuwa amemaliza hadi wangu, namba saba, na kutoka kwangu mpaka kona hapakuwa na mlango hata mmoja ulioweza kufungwa.

Ugomvi uliozuka, Mungu atusamehe.

"Shemeji umerogwa!" Mama Vifungo alipiga kelele, mikono kiunoni. "Unanivunjia mlango mchana kweupe? Mzigo wangu wote niulalie mlangoni?"

"Usiulalie. Utoe."

"Niutoe niupeleke wapi? Kichwani kwako? Wateja wamerudi juzi, juzi tu! Miaka kumi na minane nimeuza kifungo kimoja kimoja kama nauza meno yangu. Leo mtaa umefufuka, wewe unataka kuuzika tena!"

"Mzee ana wivu," mtu akasema nyuma. "Mlango wake mbona mzima?"

Fundi saa alisema kwa upole zaidi, lakini ndio uliouma zaidi. "Mzee, ulikuwa fundi. Usimalize hivi."

Mjomba aliingia kwake akatoka na kamba ya kupigia mstari, ile ya waashi, akaifunga kwenye ulimi wa kitasa cha namba moja, akanipa mimi ncha ya pili.

"Nenda nayo kona, mwanangu. Kila mlango simama, uivute inyooke, tuone tundu limeshuka kiasi gani."

Kofia Nyeupe alikuja amekasirika, mtu alikuwa amekwisha kumpigia simu. Alikuja mbio na kofia kwapani. Mjomba alimshika tu mkono kama mtu anavyomshika mjukuu anayevuka barabara, akamtembeza mlango kwa mlango. Namba moja: ulimi na tundu vinatazamana. Namba tatu: unywele. Namba tano: unene wa ukucha. Kwangu, namba saba: nusu kidole. Kumi, ule wa chuma: kidole kizima. Na pembeni ya kila mlango uliokwanguliwa mistari ya penseli na tarehe, na tarehe ya kwanza kuliko zote, kwenye mwimo wa Mama Vifungo, ilikuwa siku nne baada ya mashine kuanza kunyonya maji.

Kwenye kona ilikuwa vidole viwili.

Binti aliuweka mkono ukutani, juu ya rangi ile ya krimu. Akautoa. Akatazama juu kwenye roshani. Kisha akaichukua ile kofia kwapani na, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akaivaa.

"Tokeni," akasema. "Taratibu, lakini tokeni."

Tulihamia vyumba vya ng'ambo ya barabara, vile vilivyokuwa bado havijapata wapangaji. Jengo likazungushiwa kamba nyekundu, akawekwa mlinzi. Sherehe ilifanyika siku yake, kule juu, kwenye hema. Mgeni rasmi akapewa ufunguo wa shaba usiofungua kitu, akapigwa picha, akaondoka. Nyuma yake, jengo lilisimama limenyooka, krimu na nyeusi, zuri kuliko kitu chochote mtaani.

Nalo likaendelea kusimama. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Jua likatoka, ardhi ikakauka, na watu wakaanza kumtazama Mjomba kwa jicho la pembeni. "Linaanguka lini, Mzee? Tualike." Watoto wa shule walipopita walisukuma hewa kwa mikono, wakijifanya wanaliangusha. Mjomba aliacha kuimba tenzi. Alikaa mlangoni kwake kupya, ng'ambo, ameelekeza kiti kwenye kona ile, kutwa.

Mama Vifungo ndiye aliyechoka kwanza. Bila kutuambia alileta fundi kutoka mtaa mwingine, kijana wa watu asiye na kosa, akampitisha chini ya kamba wakati mlinzi amekwenda kula. Fundi akamwekea kibati kipya, akapiga tupa, mlango ukafunga kama siagi. Alitaka tu mlango ufungike, wezi wasiguse masanduku yake ya vifungo vya lulu aliyoyaacha darini mpaka ayatoe, baadaye aliniapia. Siku ya pili yake, adhuhuri, alirudi peke yake, akaingia, akaurudishia mlango na kuufunga kwa ufunguo ili mlinzi asimwone.

Tulisikia kugonga. Mwanzoni nilidhani ni mafundi.

Mjomba alikuwa amekwisha simama. "Huo ni mlango," akasema.

Alivuka barabara kwa mwendo ambao sijauona kwake tangu nikiwa mtoto. Mimi nilimfuata nikiita jina la Mungu. Ndani Mama Vifungo alikuwa akilia, "Shemeji, umegoma! Ufunguo hauzunguki! Shemeji!" Mjomba aliweka kiganja kwenye kitasa, akakiondoa haraka kana kwamba kimeungua.

"Umebanwa," akaniambia kwa sauti ndogo. "Jengo limeukalia."

Kisha akapaza sauti, na nashangaa mpaka leo, akatania. "Shemeji, miaka yote hii unanitafutia sababu nikubomolee mlango. Rudi nyuma. Kaa kwenye pembe ya kulia, jifunike kichwa."

Hakugusa kitasa. Alikwenda upande wa pili, kwenye bawaba, akatoa patasi na nyundo, akazigonga pini kutoka chini kwenda juu. Ya chini ikatoka. Ya kati ikatoka. Vumbi jepesi lilikuwa linatushukia mabegani, kama mtu anachekecha unga. Ya juu ilikataa. Akagonga. Nilisikia juu yetu, ndani ya ukuta, kitu kikijivuta, sauti ndefu ya mtu anayegeuka kitandani.

Pini ikaruka. Mlango haukufunguka, ulitemwa. Uzito wote uliokuwa umeubana ulimwangukia Mjomba kwenye mkono wa kulia, ukaukandamiza kwenye kizingiti. Mama Vifungo akatoka juu ya mlango ule ule, na sisi wawili tukauinua, sijui kwa nguvu za nani, tukamburuta Mjomba kati yetu kuvuka barabara. Tulikuwa tumefika kwenye ngazi za chumba changu kipya pale nyuma ya jengo iliposhuka. Haikupiga kishindo nilichokuwa nimekitarajia. Ilikuwa kama pumzi. Kona ilikunjika, ikavuta chumba cha jirani yake, ikavuta cha tatu, mpaka kwenye namba saba, mpaka pale ilipokuwa cherehani yangu.

Sura ya mbele haikuanguka. Ilibaki siku mbili, krimu, na roshani yake nyeusi, na katika madirisha ya juu unaona mbingu. Hakuna aliyepita upande ule wa barabara.

Madaktari walifanya walichoweza. Vidole vitatu havikunji. Mama Vifungo humletea chakula kila mchana, humlisha kwa nguvu, na humtukana asipomaliza. Kofia Nyeupe alikuja, alikaa sakafuni karibu na kitanda, akalia, na Mjomba akampigapiga mgongo kwa mkono mzima akisema, "Wewe uliivaa kofia, binti yangu. Wengine hawaivai." Mradi umeanza tena. Bango lipo, neno ni lile lile, kufufua. Sasa wanasema watajenga sura ileile kama zamani, na wameanza kuchimba, safari hii upande wetu.

Juzi mlango wangu mpya ulikwama kidogo. Kidogo tu. Nilikwenda kumwambia Mjomba nikijaribu kucheka. Yeye hakucheka. Alinituma niilete tupa yake, akaitazama kwenye kiganja cha kushoto muda mrefu, kisha akanirudishia na kuniambia niandike haya yote, tangu mwanzo, niwasomee wapangaji wote wa ng'ambo hii, na mwisho niweke ombi lake kama alivyolisema mwenyewe:

"Naomba kitu kimoja tu. Mlango ukigoma, msimwite fundi kwanza. Tokeni nje wote, mlitazame jengo."